Njia za Miguu na Mahali pa Kale: Mali Ambayo Kikundi Hakiwezi Kuuza

(Hotuba kwa wajumbe wa vikundi vya kujisaidia kutoka Trans Nzoia na Bungoma)

  Najua wengi wenu hamkuja kwa matatu. Mmepita njia za mkato, katikati ya mahindi na kando ya mto, na habari nitakayosema leo ni ya hizo njia za mkato.

Tukikutana hivi huwa tunazungumza juu ya kuku, miche, mbuzi wa maziwa na pesa za mzunguko. Ni mambo mazuri na tutaendelea nayo. Lakini tuna mali nyingine ambayo hakuna kikundi kimeiandika katika daftari lake. Haili majani na haihitaji chanjo, wala huwezi kuipeleka sokoni Chwele. Ni njia za miguu tulizoachiwa na wazee, pamoja na mahali pa kale ambapo njia hizo hutufikisha.

TUNA NINI HASA?

Hebu tuhesabu. Tuanzie Kitale. Pale mjini kuna makumbusho. Yalianza mwaka 1926 kama mkusanyiko wa mzungu mmoja mkulima, Kanali Stoneham, aliyependa vipepeo, ndege na vitu vya kale. Baada yake serikali ikayachukua, na jengo la sasa likafunguliwa mwaka 1974. Nyuma yake kuna kipande cha msitu wa asili na njia ya kutembea ndani yake. Ni wangapi kati yetu tunaokwenda Kitale kila juma kununua mbolea, na hatujawahi kuingia pale?

Toka hapo twende Saiwa. Ni mbuga ndogo kuliko zote za taifa nchini Kenya, kilomita za mraba 2.9 tu. Ilitengwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, yule mnyama kama paa anayeishi kwenye kinamasi, mwenye kwato ndefu za kumwezesha kukanyaga matope bila kuzama. Gari haliingii Saiwa. Tajiri na maskini wote hutembea kwa miguu juu ya mbao, au hupanda vibanda vya juu ya miti na kungoja kwa utulivu. Mwenye haraka haoni kitu.

Halafu kuna Mlima Elgon, ambao wengine wetu huuita Masaba. Upande wa Kenya mbuga ilitengwa mwaka 1968. Kuna mapango ya Kitum, Makingeny na Chepnyalil. Ndovu huingia Kitum usiku, gizani kabisa, wakichimba chumvi ukutani kwa pembe zao, na alama za pembe zinaonekana. Wenyeji nao walichukua chumvi ya mapango kwa mifugo yao, na familia za Wasabaoti ziliishi katika mapango ya mlima huu pamoja na ng'ombe wao. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita huku mwaka 1883, aliwakuta watu wakiishi humo.

Mkiteremka Bungoma mnakuta Maeni karibu na Kimilili, nyumbani kwa Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa. Mnakuta Malakisi, ambako Februari 1948 polisi walifyatulia umati risasi na watu wakafa. Mnakuta maporomoko ya Nabuyole ya mto Nzoia karibu na Webuye. Na juu ya Webuye mnaona kilima cha Chetambe.

Hayo yote yako ndani ya nauli ya siku moja kutoka hapa tulipoketi.

HABARI YA CHETAMBE

Nitakaa kidogo kwa Chetambe, kwa sababu ni mfano wa kutufunza.

Zamani watu wetu walijenga lukoba, yaani kijiji chenye ukuta wa udongo na handaki refu kuzunguka. Usiku lango lilifungwa, watu na ng'ombe wakiwa ndani. Ngome ya Chetambe ilikuwa ya namna hiyo, na iliitwa kwa jina la mwenyewe, mtu wa Watachoni. Mwaka 1895 Waingereza waliokuwa Mumias waliwaendea Wabukusu kwa vita, kwa sababu ya bunduki zilizokuwa mikononi mwa Wabukusu na kwa sababu ya askari wao waliouawa walipotumwa kuzidai. Walishambulia kwanza Lumboka, halafu Chetambe, mahali ambapo Wabukusu na Watachoni walikuwa wamekimbilia. Ukuta wa udongo huzuia mkuki na mshale. Haukuweza kuzuia bunduki ya rasharasha ya Maxim. Watu wengi walikufa pale, na ng'ombe wakachukuliwa.

Sasa sikilizeni sehemu ngumu. Waliopanda kilima kile hawakuwa wazungu watupu. Wazungu walikuwa wachache sana. Wengi walikuwa askari wa Kisudani, Waganda, Wamaasai, na watu wa jirani zetu waliokuwa wamefungamana na Mumia wa Wanga. Kwa hiyo mtu akisimama pale Chetambe kuwasimulia wageni, ana mambo mawili mkononi. Anaweza kusimulia ili watu waelewe. Au anaweza kusimulia ili watu wachukiane.

Tusijidanganye, jambo hili si dogo kwetu. Tumeona machafuko ya 1991 na 1992. Tumeona mauaji ya Mlima Elgon kati ya 2006 na 2008. Kila mara watu waliochochea walianza na hadithi: ardhi hii ilikuwa ya nani, nani alikuja juzi, nani alimsaliti nani. Hadithi iliyopindwa ni kama jembe lililotoka kwenye mpini, huruka na kumjeruhi aliyesimama karibu.

Kwa hiyo kikundi kinachotaka kuongoza wageni kiweke sharti hili: hakuna kusimulia habari ya mahali kabla ya kuwauliza wazee wa pande zote. Chetambe, waulizeni Wabukusu na Watachoni. Mlimani, waulizeni Wasabaoti kwanza, halafu majirani zao. Andikeni majibu katika daftari, pamoja na jina la mzee na tarehe. Wazee wakitofautiana, mwambieni mgeni wazi kwamba hawa husema hivi na wale husema vile. Mgeni mwenye akili atawaheshimu zaidi. Na mtoto wetu atajua kwamba adui wa mwaka 1895 leo ni shemeji yake.

Tena fanyeni haraka. Mzee akifa na habari zake hazijaandikwa, hatuna mahali pa kuzinunua.

NJIA IKIFUNGWA

Watu husema, "Njia haifi." Hiyo si kweli. Njia hufa taratibu. Shamba linagawanywa kwa vijana watatu. Wa kwanza anapanda ua wa michongoma. Wa pili analima mpaka ukingoni mwa mto. Wa tatu anajenga choo palepale tulipokuwa tukipita kwenda kisimani. Hakuna aliyefanya kwa ubaya, lakini baada ya miaka mitano akina mama wanazunguka mbali na ndoo kichwani, na watoto wanakwenda shule kando ya barabara ya lami penye malori.

Mnaona basi kwamba njia ya wageni ni ile ile njia ya kisima na ya shule. Tukiitunza kwa ajili ya mgeni mmoja wa mwezi, tumeitunza kwa ajili ya watoto mia wa kila siku. Hii ndiyo faida ya kwanza, hata kama hakuja mgeni hata mmoja.

Hatua ni hizi:

1. Tembeeni njia yote pamoja, wanakikundi na wenye mashamba, kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Msikae ofisini mkachora.

2. Kila mahali njia inapopita shambani mwa mtu, ongeeni na mwenyewe nyumbani kwake, mke na mume wote wawili wakiwepo. Andikeni mapatano mbele ya mzee wa kijiji: upana wa njia, nani atafyeka, na mwenye shamba atapata nini.

3. Penye mteremko, chimbeni mitaro ya kutoa maji pembeni. Njia isiyo na mtaro huwa korongo baada ya masika mawili.

4. Msitoe mawe wala udongo mahali pa kale. Handaki la ngome likijazwa, halirudi. Mkikuta chungu, mfupa au chuma cha kale, kiacheni hapo hapo na mpeleke habari makumbusho Kitale. Sheria ya mwaka 2006 juu ya makumbusho na turathi inalinda vitu hivyo.

5. Mahali penye makaburi au pa matambiko, ulizeni kwanza kama wageni wanaruhusiwa. Wazee wakikataa, ni hapana. Msitafute njia ya nyuma.

HESABU BILA NDOTO

Sasa tuje kwa pesa, maana naona waweka hazina wameanza kunitazama.

Tuseme kikundi chenu kinapata wageni kumi kwa mwezi, na kila mmoja analipa Sh. 300. Hizo ni Sh. 3,000. Kijana anayeongoza apate Sh. 100 kwa kila mgeni, jumla Sh. 1,000. Wenye mashamba wapate Sh. 50 kwa kila mgeni, jumla Sh. 500. Wekeni Sh. 500 za panga, kamba na vibao. Zinabaki Sh. 1,000 za sanduku la kikundi. Kwa mwaka ni Sh. 12,000, na hapo ni kama wageni wamekuja kila mwezi, hata wakati wa mvua.

Hizo si pesa za kununua ng'ombe wa gredi. Mtu akija kuwaambia kwamba utalii utawatajirisha mkimpa kwanza pesa za "kuandikisha", mwonyesheni mlango.

Lakini angalieni tena. Mgeni aliyetembea saa tatu ana njaa. Atataka chai, ndizi, viazi vitamu, ugali na kuku wa kienyeji. Atataka kununua asali au kikapu. Pesa hizo hazipiti sandukuni, zinakwenda moja kwa moja kwa mama aliyepika na aliyefuma. Mara nyingi ni nyingi kuliko kiingilio. Na wageni wa kwanza msiwatafute Ulaya. Watafuteni shule za hapa, wanafunzi wa vyuo, na watu wetu wanaorudi Desemba kutoka Nairobi wakiwa na watoto wasioijua Nabuyole.

Jirani zetu wa Sipi, upande wa Uganda wa mlima huu huu, wamefika mbele yetu. Kule vijana wa kijiji huongoza wageni kwenye maporomoko, na mkulima huonyesha jinsi kahawa inavyotwangwa na kukaangwa, halafu mgeni anainywa. Kahawa hata sisi tunayo, Kimilili na Chesikaki. Tunaiuza mbichi, halafu tunanunua majani ya chai.

USALAMA

Hapa sitanii. Nabuyole miamba huteleza na maji yana nguvu, kwa hiyo mtoto asikaribie bila mtu mzima kumshika mkono. Mlimani mvua ya radi huja alasiri, kwa hiyo ondokeni asubuhi na mapema. Ndani ya mbuga za Saiwa na Elgon ni lazima kupitia langoni, kulipa na kufuata maagizo ya askari wa wanyamapori. Nyati na ndovu hawajui kwamba wewe ni mwenyekiti wa kikundi.

Tena juu ya mapango. Mwaka 1980 na mwaka 1987 wageni wawili waliokuwa wametembelea Kitum walishikwa na ugonjwa wa Marburg, wakafa. Wataalamu wamegundua kwamba popo wala matunda wanaoishi mapangoni hubeba virusi vya ugonjwa huo. Kwa hiyo msishike popo, msikalie mavi yao, msile ndani ya pango, na msiende mahali popo wamejaa. Mtu akipata homa kali baada ya kuingia pangoni, apelekwe hospitali na daktari aambiwe wazi alikuwa wapi.

MANENO YA MWISHO

Sisemi kila kikundi kianze kazi hii. Kama hamjamaliza kulipa deni la kuku, maliziéni kuku kwanza. Wenye nia waanze na njia moja tu, fupi, ya saa mbili, waitembee wenyewe mara kumi kabla ya kumwita mgeni. Kikundi kiwe kimeandikishwa kwa ofisi ya maendeleo ya jamii, kiwe na daftari la wageni na daftari la pesa, na yote mawili yasomwe mbele ya wanachama kila mwezi.

Shamba linaweza kuuzwa, na ng'ombe anaweza kufa. Kilima cha Chetambe kitabaki pale pale. Swali ni kama wajukuu wetu watakuta bado kuna njia ya kupanda, na mtu wa kuwaambia ni nini kilitokea juu yake.



MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

1. Ni njia gani ya miguu iliyofungwa kijijini kwenu katika miaka kumi iliyopita? Nani aliumia zaidi?

2. Ni mzee gani kwenu anajua habari za mahali pa kale? Nani atakwenda kumsikiliza, na lini?

3. Ni hadithi gani ya zamani ambayo kwenu husimuliwa kwa upande mmoja tu? Upande wa pili ungesema nini?