Nyumba Mpya, na ya Zamani Bado Haijauzwa

Nimepewa dakika chache niongee na familia. Wengi wenu hapa mko njia panda: nyumba mpya iko tayari, ya zamani bado haijapata mnunuzi. Unajiuliza, tuhame sasa ama tungoje?

Mimi nasema hameni, kama watoto wanahitaji kuanza muhula shule mpya na kama mnaweza kubeba nyumba mbili. Lakini usihame ukitegemea pesa ambayo hujaiona.

Hebu tupige hesabu. Tuseme mkopo wa nyumba mpya unakula shilingi 35,000 za Kenya kila mwezi. Nyumba ya zamani inataka mlinzi wa 9,000, na stima na maji 1,500. Jumla ni 45,500. Sasa zidisha mara 12, si mara 3. Unapata 546,000. Kwa nini mwaka mzima? Kwa sababu hata mnunuzi akipatikana leo, Kenya mara nyingi analipa asilimia 10 kwanza, halafu mnangoja kama siku 90 ndipo amalize. Na huyo mnunuzi wa leo bado hujampata! Mwenye akiba ya mwaka anaweza kukataa bei mbaya. Asiye nayo, mnunuzi atamjua tu. Ataona nyumba tupu, atauliza jirani, kisha atakupa bei ya mtu mwenye shida.

Ninyi wa upande wa Kenya, sikilizeni hapa vizuri. Ukiuza nyumba kwa faida, tangu Januari 2023 kodi ya faida hiyo ni asilimia 15. Lakini nyumba ambayo mwenyewe umekaa ndani mfululizo miaka 3 hadi siku ya kuihamisha kwa mnunuzi haitozwi. Umeona? Ukihama mapema, unaweza kupoteza msamaha huo. Muone mhasibu kabla hujafunga mizigo, si baada.

Na wewe baba unayetaka kuuza kimyakimya ili umshangaze mama: acha. Kenya, Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inataka idhini ya wote wawili. Uganda, Sheria ya Ardhi ya 1998 nayo inataka idhini ya mwenzi kwa ardhi ya familia. Mauzo bila sahihi ya mama yanaweza kuvunjika, na pesa ya watu umeshaila.

Sisi tunaishi mpakani, basi mnunuzi anaweza kutoka ng'ambo. Karibu, lakini mjue: Kenya na Uganda zote mbili, asiye raia hupewa ardhi kwa kukodisha tu, isiyozidi miaka 99. Msipokee hata shilingi ya kwanza kabla wakili hajaangalia jambo hilo. Undugu wa kanisani ni mzuri, lakini hauandiki hati.

Nyumba mliyoacha msiitupe. Ifunguliwe madirisha kila wiki, nyasi zikatwe, bomba linalovuja litengenezwe. Mkiweka mpangaji, andikeni mkataba mfupi unaosema wazi kwamba nyumba inauzwa na atapewa notisi ya muda gani.

Leo usiku watoto wakilala, kaeni wawili na karatasi moja. Andikeni mambo matatu: tunaweza kubeba nyumba mbili miezi mingapi, bei ya chini kabisa ambayo hatutashuka ni ngapi, na ni tarehe gani tutaacha kungoja mnunuzi, tuipangishe. Wote wawili mtie sahihi. Halafu, dalali akipiga simu akisema ana mtu mwenye pesa taslimu lakini mshushe bei leo leo, hamtagombana. Mtasoma karatasi yenu na kumjibu.