Matundu Mawili ya Amplifaya ya Jumuiya

Sisi walimu tumeombwa tuseme machache kuhusu amplifaya ya jumuiya, kwa kuwa ugomvi juu ya chombo hicho umefika hadi mezani kwa Kamati. Wako wanaodai kwamba hupewa "tundu bovu" kwa makusudi, na kijana mmoja ameshtakiwa kuiba sauti ya mwenzake. Tuseme wazi: jambo hili ni la fizikia, si la kabila wala la dhehebu.

Amplifaya yetu ina matundu mawili, la 1 na la 2, kwa mpango uliozoeleka katika amplifaya za Fender za Marekani tangu miaka ya 1950. Nyuma yake kuna vikinza viwili, kila kimoja kiloomu 68. Ukichomeka gitaa katika tundu la 1 peke yake, nguvu yote ya gitaa inapita. Ukichomeka katika la 2, vikinza hivyo huigawa, na nusu tu ya volti ndiyo inayoingia kukuzwa. Yaani desibeli 6 pungufu. Tundu hilo si bovu. Liliwekwa kwa ajili ya vyombo vyenye nguvu, kama kinanda cha umeme au gitaa lenye sumaku kali, ambavyo katika la 1 hukwaruza mapema.

Iko tofauti nyingine, na mpiga solo huitambua upesi. Tundu la 1 lina ukinzani wa megaomu 1, la 2 kiloomu 136 tu. Ukinzani mdogo huielemea sumaku ya gitaa na kuipunguzia sauti kali za juu. Solo ya rumba ya kwetu, ambayo utamu wake uko kwenye nyuzi nyembamba, husikika kama imefunikwa blanketi. Rithimu haidhuriki sana.

Sasa huo ugomvi. Magitaa mawili yakichomekwa pamoja, tundu la 1 hupoteza upendeleo wake: yote mawili hushuka nusu, sawasawa. Tena, gitaa lililolazwa kwenye kiti huku waya wake ungali katika la 2, hata lisipoguswa na mtu, hulipunguza la 1 vilevile. Huyo ndiye mwizi aliyekuwa akitafutwa! Tulilijaribu jambo hili mbele ya pande zote mbili, tukichomeka na kuchomoa, na kila mtu alisikia kwa masikio yake.

Lakini msidhani amplifaya zote ni hivyo. Katika Marshall 2203, iliyoanza kutolewa mwaka 1975, tundu la juu hupitisha sauti katika hatua moja zaidi ya kukuza, na la chini huiruka hatua hiyo. Hapo tofauti ni kubwa kuliko nusu.

Mwisho ni spika. Tundu la 2 haliilindi mtu akifungua volumu yote, na gitaa la besi lisipigwe humo kwa sauti kubwa. Spika ikichanika, hatuna nyingine. Kwa hiyo kila kikundi, kabla ya kushuka jukwaani, kichomoe waya zake zote. Daftari la zamu liko kwa katibu wa vijana.