NANI ANAMLEA KIJANA WETU?

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei na walezi wa vijana, Nzega





Tumeombwa kuzungumza juu ya mapokeo ya wazee na nafasi yake katika mpango wa elimu ya vijana parokiani. Mada za namna hii huanza kwa kuwalaumu vijana: hawasalimii, hawashauriki, wanakimbilia machimboni na mijini. Sisi hatutaanzia huko. Tunaanza na swali ambalo kila mmoja wetu aweza kulijibu kwa jina la mtu. Yule kijana aliyepokea Kipaimara mwaka jana katika Jumuiya yako, ni mtu mzima gani, mbali na wazazi wake, ajuaye leo kijana huyo analala wapi, anafanya kazi gani na anahofia nini?

Makabila mengine ya nchi yetu yana jando na unyago. Kwa Wanyamwezi na Wasukuma, mafundisho kwa vijana hayakufungwa katika msimu mmoja wa namna hiyo. Yalitolewa kila jioni, kazini na safarini. Wasukuma huuita shikome ule moto wa jioni ambapo wazee waliketi pamoja na wavulana baada ya ng'ombe kurudi zizini. Hapo kijana alisikia hadithi na vitendawili, alijifunza ukoo wake na mipaka ya mashamba, tena alisikiliza jinsi wazee walivyopima shauri kabla ya kulitolea hukumu. Wasichana walifundishwa na bibi zao, nao wengi walilala nyumbani kwa bibi. Katika kazi za kulima kwa pamoja vijana walikuwa na kiongozi wao, nsumba ntale, aliyesimamia kazi na nidhamu ya kundi. Tuangalie jambo moja katika hayo yote: hakuna kijana aliyekuwa wa kila mtu kwa jumla. Alikuwa na mzee wake, bibi yake, kiongozi wake. Akikosea, ilijulikana nani aulizwe.

Eneo letu la Nzega liko kaskazini ya Tabora, upande wa njia iliyoelekea Ziwa Viktoria, ambayo Mwingereza Speke aliifuata mwaka 1858. Babu zetu walikuwa wapagazi mashuhuri waliokwenda hadi Bagamoyo na kurudi. Wavulana walifuatana na baba au mjomba, wakibeba mizigo midogo, ndipo wakajifunza visima, lugha za watu, bei ya vitu na namna ya kuomba njia katika nchi ya mwingine. Mbele alitangulia kirangozi. Mnyampara aliwaangalia watu wake. Hatuusifu msafara wote, kwa maana njia hiyo hiyo ilipitisha pembe na watumwa, na aibu yake ingalipo. Lakini neno mnyampara linatufundisha kitu. Kwa Kinyamwezi lilimtaja mzee mwenye kushauri, hata katika baraza la mtemi. Katika Kiswahili cha leo limekuwa nyapara, msimamizi wa vibarua au mkubwa wa wafungwa. Mshauri amegeuka kuwa mwenye fimbo. Tunadhani jambo hilo halikutokea katika lugha peke yake.

Nyakati hizo hizo walikuwapo vijana wa namna nyingine, rugaruga wa Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884. Wengi walikuwa vijana waliotengana na koo zao, baadhi wakiwa mateka wa vita. Walikuwa hodari, walikuwa na bunduki, na mkubwa wao alikuwa jemadari wao tu. Nguvu ya kijana haikosi mtu wa kuitumia. Kama si mlezi atakayeishika mkono, atakuja mwingine.

Kanisa nalo lilipofika halikudharau mwendo wa polepole. Wamisionari wa Afrika, walioanzisha misioni ya Ndala mwaka 1896, walidai ukatekumeni wa miaka minne. Katekista aliishi kijijini na kuwajua wanafunzi wake mmoja mmoja. Hata Mwalimu Nyerere, aliyewahi kufundisha Shule ya Mtakatifu Maria mjini Tabora kabla ya kwenda Edinburgh mwaka 1949, alieleza katika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 kwamba Afrika ilikuwa na elimu kabla ya kuwa na shule, kwa kuwa watoto walijifunza kwa kuishi na kutenda pamoja na wakubwa wao. Na Papa Fransisko, katika wosia wa kitume Christus Vivit wa mwaka 2019, alikumbusha vijana wenyewe walivyomweleza mlezi wanayemtaka: mtu anayesikiliza, asiyejifanya mkamilifu, anayetembea pamoja nao bila kuwaburuta.

Sasa tutazame yaliyobaki. Sherehe imebaki, tena imekua. Msimamizi wa Kipaimara huchaguliwa juma la mwisho, na mara nyingi kinachotazamwa ni mfuko wake. Hupigwa picha, hutolewa zawadi, huliwa pilau, na baada ya hapo msimamizi na kijana hukutana kwa bahati mnadani. Semina za vijana nazo zinaendeshwa vizuri, tena kwa bidii. Lakini mwezeshaji mmoja mbele ya vijana mia mbili hawezi kuwa mlezi wa hata mmoja.

Tukisema turudishe mapokeo, hatusemi yote. Wengi wenu mnaifahamu chagulaga: binti anazungukwa na kundi la wanaume, naye hana budi kuchagua mmoja ndipo aachwe apite. Wapo wanaoiita desturi yetu. Sisi tunaiita dhuluma, na hatuoni sababu ya kutafuta neno laini zaidi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayeoa au kumpa mimba mwanafunzi. Na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilithibitisha kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vilivyoruhusu binti kuolewa kabla ya miaka 18 vinapingana na Katiba. Mlezi asiyeyajua haya asikabidhiwe binti wa mtu.

Tunafika katika jambo ambalo ndilo hasa limeifanya Tume yetu ya Haki na Amani iombe nafasi katika semina hii. Tumesema kwamba bibi alikuwa mwalimu. Je, bibi huyo yuko salama? Takwimu za Serikali za kati ya mwaka 1970 na 1984 zilihesabu zaidi ya watu 3,000 waliouawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi. Wengi wao walikuwa wanawake, na sehemu kubwa ya mauaji ilitokea Usukuma. Huku kwetu pia tunayajua mambo hayo, wala hatuwezi kusema kwamba ni ya zamani tu. Mama mzee ana macho mekundu kwa sababu amepikia kinyesi cha ng'ombe na mabua kwa miaka hamsini, ndani ya nyumba isiyo na dirisha. Mtoto wa jirani anaugua, mpiga ramli anataja jina, na wakati mwingine nyuma ya ramli hiyo kuna ndugu anayelitamani shamba lake. Anayeshika panga usiku kwa kawaida ni kijana, naye hulipwa.

Kijana aliyeketi miaka mitatu barazani kwa bibi huyo, akamchotea maji, akasikia kwake jinsi njaa ilivyopita na jinsi watu walivyosaidiana, hanunuliki kirahisi kuja kumwua. Anayemwona kwa mbali tu, akisikia minong'ono, ananunulika. Kwa hiyo hatuwezi kutenganisha elimu ya vijana na usalama wa wazee. Mtakatifu Paulo alipomwandikia Timoteo alimkumbusha imani ya bibi yake Loisi, akamtaja kwa jina. Vijana wetu wanao akina Loisi wao, ila wengine wanaishi peke yao na kufunga mlango kabla jua halijazama.

Tunapendekeza basi kila kijana anayeingia katika mpango wa elimu ya vijana awe na mlezi mmoja wa Jumuiya yake, si mzazi wake, na mlezi mmoja asizidishe vijana watatu. Mabinti walelewe na akina mama. Maongezi yafanyike mahali pa wazi, barazani au uani, kamwe si chumbani. Mlezi atoe taarifa kwa Jumuiya kila baada ya miezi mitatu, na kijana naye aulizwe, akiwa peke yake, kama ameridhika na mlezi wake. Pia kila kundi la vijana likabidhiwe mzee mmoja anayeishi peke yake: wamtembelee kila juma, wamsaidie kuni na maji, wamjengee jiko lenye bomba la kutolea moshi, na kabla ya kuondoka wamwombe awasimulie jambo. Likisikika neno la kumtuhumu mzee huyo, vijana hao wawe wa kwanza kulifikisha kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa paroko, siku hiyo hiyo, bila kungoja mkutano.

Tuanze na wanaomaliza darasa la saba mwaka huu. Kila Jumuiya iandae daftari lenye safu tatu: jina la kijana, jina la mlezi, jina la mzee atakayetembelewa. Daftari lifike kwa katibu wa Halmashauri ya Walei kabla ya Majilio. Pale ambapo safu ya pili itakuwa tupu, tunawaomba msiijaze kwa jina la katekista. Yeye ana vijana wengi tayari.