FAUNDESHENI NA KONSILA: TWAJIPAKA NINI USONI?

(Mada iliyosomwa katika kikao cha vijana cha mwezi wa Ramadhan, baada ya swala ya Alasiri)



Mada hii ilipotajwa kwenye ratiba niliona baadhi yenu mkicheka. Mekapu! Tena katika mwezi huu? Naam, katika mwezi huu. Kwani kumi la mwisho likiingia, nani asiyejua hali ya madukani? Dada zetu hutoka huko wamebeba viatu, bangili, na katika mfuko huo huo kichupa cha faundesheni na kijitube cha konsila. Ukimuuliza mmoja wao tofauti ya viwili hivi ni nini, atakwambia, "Hii ya uso mzima, hii ya kuficha madoa." Si jibu baya. Lakini muulize ndani mna nini. Hapo kimya.

Leo sikuja kuwaambia mpake au msipake. Adabu za pambo, na nani aonyeshwe na nani asionyeshwe, wapo masheikh na maustadha wa kutufundisha. Mimi nataka tuzigeuze chupa hizi mbili, tusome nyuma yake.

KUSOMA LEBO

Nyuma ya boksi pana orodha ya majina marefu, kwa maandishi madogo kama chungu. Msiogope. Orodha hiyo ina utaratibu wake. Kilicho kingi kwa uzani huandikwa mwanzo, kisha kinachofuatia, hivyo hivyo mpaka chini. Vile ambavyo ni chini ya asilimia 1 huweza kupangwa vyovyote. Rangi nazo huwekwa mwishoni kabisa kwa nambari zinazoanza na herufi CI, hata zikiwa ni nyingi. Basi usidanganyike ukasema, "Mbona rangi iko mwisho, lazima ni kidogo." La. Hapo ni mahali pake tu.

NDANI YA FAUNDESHENI

Faundesheni nyingi za maji huanza na neno "Aqua". Hayo ni maji, maji haya haya. Baada yake utaona majina yanayoishia na "cone" au "siloxane". Hizo ni silikoni, na ndizo zinazoifanya iteleze usoni kama hariri. Baadhi yake huruka hewani dakika chache baada ya kujipaka, nyingine hubaki na kufanya utando mwembamba. Kisha kuna gliserini na glikoli, ambazo kazi yake ni kuvuta unyevu ngozi isikauke.

Sasa, maji na mafuta havikai pamoja. Kila mwenye kupika ajua tui likiachwa usiku kucha hujitenga, mafuta juu na maji chini. Ndiyo maana hutiwa kiungo cha kuvishikanisha, na mara nyingi chumvi kidogo ili mchanganyiko usikatike. Ndiyo, chumvi! Na kwa kuwa palipo na maji vijidudu huzaa, lazima pawe na vihifadhi kama fenoksiethanoli au parabeni. Parabeni zimezua maneno mengi. Umoja wa Ulaya mwaka 2014 ulipiga marufuku aina tano za parabeni katika vipodozi, na nyingine ukaziruhusu kwa viwango maalumu. Kwa hiyo si kila parabeni ni sumu, wala si kila chupa inayojisifu kuwa haina parabeni ni bora kuliko jirani yake.

NDANI YA KONSILA

Ukishuka kwenye rangi za chupa zote mbili utakuta nambari zile zile nne: CI 77891, ambayo ni titani dioksidi, nyeupe, CI 77491, nyekundu, CI 77492, manjano, na CI 77499, nyeusi. Hizi tatu za mwisho ni oksidi za chuma, ndugu zake kutu ya bati. Kuanzia ngozi nyeupe ya mtu wa Ulaya mpaka weusi wetu wa kung'ara, karibu kila rangi ya faundesheni na konsila hukorogwa kutokana na hizo nne.

Basi tofauti iko wapi? Iko katika wingi na uzito. Fikirieni nazi moja. Ukiikamua mara ya kwanza wapata kasimele, tui zito. Ukiongeza maji ukakamua tena wapata tui jepesi. Nazi ni ile ile. Faundesheni ni tui jepesi, lienee uso mzima. Konsila ni kasimele: rangi ni nyingi zaidi, maji ni machache, wakati mwingine hayamo kabisa. Konsila ya kijiti au ya kikopo mahali pa maji hutiwa nta na mafuta: nta ya nyuki, nta ya karnauba inayotoka kwenye majani ya mnazi wa aina yake huko Brazili, mafuta ya mbarika, na pengine kaolini, udongo mweupe. Isiyo na maji kabisa haihitaji vihifadhi vingi.

Lakini ile konsila ya maji, yenye kijiti cha sponji, ukilinganisha lebo yake na ya faundesheni ya kampuni hiyo hiyo mara nyingi utaona majina yanafanana sana. Hapo jiulize: je, nahitaji zote mbili? Kwa doa dogo, tabaka la pili la faundesheni mahali pale huenda likatosha. Pesa iliyobaki ina kazi nyingi kuelekea Iddi.

MAMBO MATATU YA KUTAZAMA

La kwanza, ngozi yako. Mwenye chunusi ajihadhari na nta nzito na mafuta kama isopropili miristeti, maana huweza kuziba vitundu vya ngozi. Afiche chunusi tatu leo, zizaliwe tano kesho. Na kwa joto letu la Pwani, konsila ya nta huyeyuka mapema. Mwenye ngozi kavu, kinyume chake, nta na mafuta hayo humfaa.

La pili, rangi. Ile nyeupe, CI 77891, ikizidi juu ya ngozi nyeusi huleta ujivujivu, mtu akaonekana kama aliyetoka kupepeta unga. Si kosa la ngozi yako, ni kosa la mchanganyiko. Kwa miaka mingi kampuni kubwa zilitengeneza rangi chache sana za watu weusi. Fenty Beauty ilipoanza mwaka 2017 na rangi 40 za faundesheni kwa mpigo, ndipo wengine wakaamka. Basi usikubali kuuziwa rangi ya juu ya ngozi yako kwa kuambiwa "itakung'arisha". Na weusi wa chini ya macho hauondoki kwa kupaka cheupe juu yake. Hutangulizwa rangi ya machungwa kidogo, kisha ndipo ije ya ngozi.

La tatu, ibada. Masheikh wametufundisha kwamba kitu chenye mwili kinachozuia maji kufika kwenye ngozi huondolewa kabla ya udhu, tofauti na rangi tupu kama ya hina. Sasa tazama: silikoni na nta zote ni vitu vinavyokataa maji, na zile zilizoandikwa kuwa hazitoki kwa saa 24 ndizo zilizotengenezwa makusudi kwa hilo. Dondosha tone la maji juu yake. Likisimama kama ushanga, jua pana utando. Maji matupu hayautoi. Anza na mafuta ya nazi au ya zeituni, sugua taratibu, pangusa, kisha sabuni na maji. Usisahau kando ya pua na penye nywele.

Na wanaouliza kuhusu halali: nta ya nyuki yajulikana itokako. Gliserini na asidi ya steariki zaweza kutoka kwenye mawese au kwenye shahamu ya mnyama, na lebo haisemi ni ipi. Hapo tafuta alama ya halali au muulize mtengenezaji. Ama "Cetyl Alcohol", jina lisikutishe. Hiyo ni aina ya nta, si kileo.

KINACHOFICHWA

Dada zangu, sasa nisikizeni vizuri, maana hili ndilo lililonileta.

Kuficha alama si upuuzi. Huko Marekani mwaka 1928 mwanamke kwa jina Lydia O'Leary, aliyezaliwa na alama kubwa usoni, alianzisha Covermark, kipodozi cha kufunika alama kama ile yake. Mwenye kovu la moto au mbalanga akitaka kujifunika, nani amcheke?

Lakini wapo kati yetu wanaofunika madhara yanayoendelea. Binti ajipaka krimu ya kujichubua, mashavu yaanza kufanya mabaka. Anunua konsila kuyaficha. Krimu haachi. Mwezi wa pili mabaka yazidi, konsila yawa nzito zaidi. Hidrokwinoni ikitumiwa kwa muda mrefu huweza kuigeuza ngozi ikawa ya bluu iliyokolea weusi, na doa hilo ni gumu mno kutoka. Zebaki nayo haiishii usoni. Hupenya mwilini, ikaharibu figo, na kwa mja mzito humfikia mtoto tumboni. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ulitaka vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu 1 katika milioni vikome kufikia 2020. Mwaka 2023 nchi wanachama zikakiondoa hata kiwango hicho na kuweka 2025 kuwa mwisho wa vyote.

Zebaki mara nyingi haiandikwi kwenye lebo. Dalili zake ni hizi: kikopo hakina jina wala anwani ya mtengenezaji, hakina alama ya KEBS, au kimeandikwa kisigusane na dhahabu, fedha wala vito. Fikiria mwenyewe: kitu kinachokatazwa kugusa pete yako, wakipaka shavuni?

Pazia halizimi moto. Mwenye mabaka yanayozidi aache krimu, aende akaonane na daktari wa ngozi. Na asione haya kumwambia mamake au dadake. Nasi tusimcheke, maana wengi walianza kwa sababu sisi tuliwaita weusi.

Mwisho, usafi. Usiongeze maji wala marashi ya mawardi katika faundesheni iliyokauka, kwani wavipunguza nguvu vihifadhi. Tazama alama ya kikopo kilicho wazi: 12M ni miezi 12 tangu kufunguliwa. Kikopo cha konsila kisitiwe vidole vya nyumba nzima. Nanyi kaka zangu mnaonunulia wake na dada zenu zawadi ya Iddi, geuzeni boksi msome kabla ya kulipa.

Mwenyezi Mungu atutakabalie funga zetu na atuhifadhi miili yetu, ambayo ni amana. Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.