Tunacholipia Fundi Anapokuja Kutazama

Mazungumzo na wakazi wa Kata ya Buhemba, Wilaya ya Butiama



Tumekuja kuzungumza juu ya jambo linaloonekana dogo, hadi usiku ule friji ya dukani inapoacha kupoza ilhali ndani yake mna samaki waliotoka Musoma asubuhi. Usiku huo mwenye duka hana nafasi ya kujadiliana bei, kwa kuwa kila saa inayopita inamla mtaji. Fundi akifika, neno lake huwa la mwisho: akisema gesi, ni gesi, akisema kompresa imekufa, imekufa. Ndiyo maana tumeona ni heri tuzungumze leo, friji zikiwa nzima na akili zikiwa zimetulia.

Tuanze kwa kusema lile tusiloweza kulifanya. Tume ya Ushindani haipangi bei ya fundi. Bei hiyo ni mapatano kati yake na mteja. Lakini Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara yeyote, awe mkubwa au mdogo, kumpotosha mlaji au kumpa maelezo ya uongo kuhusu bidhaa na huduma anazomuuzia. Kwa hiyo fundi yuko huru kutaja bei yake. Hana uhuru wa kutaja ugonjwa ambao friji haina.

Gharama ya matengenezo ina mafungu manne. La kwanza ni nauli ya fundi hadi kwako. La pili ni utambuzi, yaani kazi ya kupima na kujua kilichoharibika. La tatu ni vifaa. La nne ni ufundi wenyewe: kufungua, kubadilisha, kuchomelea na kujaribu. Ugomvi mwingi huzaliwa pale mafungu haya yanapotajwa kwa mkupuo, kama bei moja isiyogawanyika.

Fungu linalodharauliwa kuliko yote ni la utambuzi. Wengi wetu husema, “Amekuja kuangalia tu, nimlipe nini?” Hapa Buhemba swali hilo lisingepaswa kuwa gumu. Mchimbaji hanunui mfuko wa mawe kwa kuutazama. Hutwanga kidogo, huosha kwenye karai, kisha hutazama kilichobaki chini. Anajua kwamba kupima ni kazi, na kwamba asiyepima hununua kokoto kwa bei ya dhahabu. Fundi naye, anapochukua mita yake na kupima umeme wa soketi, anaposikiliza kompresa na kukagua mpira wa mlango, yuko kazini. Katika nchi za baridi, ambako nyumba hupashwa moto kwa mitambo, mafundi wa mitambo hiyo nao hutoza ada ya kufika na kukagua, na wateja wao hunung’unika vilevile.

Tunasema haya kwa sababu ukaguzi wa bure una mlipaji wake. Fundi aliyepanda bodaboda hadi kwako na asiyelipwa kwa kutazama, atapata riziki yake kwenye kifaa atakachokuuzia. Tayari ana sababu ya kuona kifaa kikubwa pale palipoharibika kidogo. Si kila fundi atafanya hivyo, na walio waaminifu ni wengi. Lakini mpango mbaya wa malipo humjaribu hata mwaminifu. Wahenga walituambia kwamba rahisi ni ghali.

Tuchukue neno ambalo wengi mmelisikia: “Gesi imeisha.” Ndugu zetu, gesi ya friji haiishi kwa kutumika kama mkaa au mafuta ya taa. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, ikirudi pale pale mwaka hata mwaka. Ikipungua, imevuja, na palipovuja pana tundu. Kuongeza gesi bila kuziba tundu ni kujaza maji kwenye ndoo iliyotoboka. Hivyo mtu akikuambia gesi imeisha, muulize kwa upole: “Fundi, inavujia wapi?” Aliye stadi ataitafuta, pengine kwa kupaka povu la sabuni kwenye maungio, kisha ataziba, atavuta hewa yote iliyoingia kwenye mabomba, na ndipo atajaza. Kwa friji ya kawaida ya nyumbani, ikiwa kompresa haiwaki kabisa, kuna mengi ya kuangaliwa kabla ya gesi: plagi, umeme uliopungua nguvu, au kile kifaa kidogo cha kuiwasha kompresa ambacho mafundi hukiita rilei.

Tupige hesabu ya mfano. Tarakimu hizi ni za kufundishia tu, wala zisichukuliwe kuwa bei elekezi. Fundi wa kwanza anatoza nauli shilingi 10,000, utambuzi 15,000, rilei 15,000 na ufundi 15,000. Jumla ni shilingi 55,000, na mteja anajua kila shilingi ilikokwenda. Fundi wa pili anatazama bure, anasema gesi, anatoza shilingi 70,000. Kasoro ikiwa ni ile ile rilei, friji haitapoza, na mteja atamlipa fundi mwingine tena. Aliyeanza kwa bure amemaliza kwa shilingi 125,000, bila kuhesabu samaki waliooza.

Basi tufanye nini? Kabla fundi hajaondoka kwake, mwulize kwa simu mambo matatu. Kuja na kukagua ni kiasi gani? Nikikubali unitengenezee, ada hiyo itakatwa kwenye bei ya kazi au itabaki pembeni? Nikikataa, nitakudai nini nawe utanidai nini? Akishapima, akutajie kasoro na bei ya kila fungu kabla ya kugusa kitu. Mkikubaliana, andikeni. Mali bila daftari huisha bila habari. Hata kama fundi hana mashine ya risiti ya kielektroniki, karatasi ya mkono yenye tarehe, kazi, bei, muda wa dhamana na sahihi zenu wawili ni ushahidi.

Akiomba fedha akanunue kifaa, mpe kwa sharti kwamba atarudi na risiti ya duka. Kazi ikiisha, omba kifaa kibovu kilichotolewa. Ni mali yako, na fundi aliyekitoa kweli hatasita kukuonyesha.

Ikiwa kazi inahusu nyaya za umeme za nyumba, usiishie kwenye bei. Hakikisha fundi ana leseni ya EWURA, kwa maana kosa la hapo hugharimu uhai.

Nanyi mafundi, haki yenu ipo. Mteja aliyekubali ada ya ukaguzi hana ruhusa ya kuikana baada ya kujua ugonjwa, akampelekea jirani mwenye bei ya chini. Na Sheria ya Mikataba inamruhusu fundi aliyekamilisha kazi waliyopatana kukishikilia kifaa alichoachiwa mpaka alipwe ujira wa kazi hiyo. Lakini mkumbuke kwamba haki hiyo imesimama juu ya mapatano. Kazi ambayo mteja hakuiagiza haiwi deni kwa sababu tu imefanyika.

Mkishindwa kuelewana, anzeni kwa viongozi wa kijiji au kitongoji, ambao mara nyingi humaliza jambo kwa kuwakalisha pamoja. Dai la fedha linaweza kupelekwa Mahakama ya Mwanzo. Penye udanganyifu, tuandikieni sisi, mkiambatisha ile karatasi. Bila karatasi, tutakuwa na maneno yako dhidi ya maneno yake.

Tunawaombeni jambo moja mtakaporudi nyumbani. Andikeni yale maswali matatu kwenye kipande cha karatasi, mkibandike ubavuni mwa friji. Siku itakapozima, hamtakuwa na utulivu wa kuyakumbuka.