Mawaidha ya Ramadhani: Mafiga, Seredani na Jirani

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na masahaba zake. Amma baad.

Wazee wetu, mama zetu na ndugu zetu katika imani, usiku huu tuzungumze juu ya jiko.

Sisi tuliozaliwa Unguja miaka ya 1960 na 1970 tuliwakuta bibi zetu wakipikia kuni juu ya mafiga matatu. Mama zetu wakapikia seredani ya makaa, na penye uwezo, jiko la mafuta ya taa lenye tambi. Mkate wa kumimina ulitaka moto juu na chini: makaa hutandazwa juu ya kifuniko, na mpishi hakai mbali, kwani yakizidi kidogo mkate huungua. Leo hapa Uingereza twazungusha kitufe cha oveni tu. Maharage yaliyochemka asubuhi nzima yanaiva upesi katika sufuria la presha, na sambusa zilizokunjwa Shaabani zangoja ndani ya friza.

Wala tusiutamani moshi ule. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020. Macho mekundu ya bibi zetu hayakuwa mapambo.

Lakini moto ule ulipozimika, mtoto alitumwa na kigae kwa jirani kuomba kaa la moto. Aliyeomba kaa asubuhi hakumsahau jirani jioni. Sahani ya futari ilivuka ua, nayo haikurudi tupu. Swichi ya umeme haimtumi mtu kwa jirani. Mtume (s.a.w.) alimuusia Abu Dharri azidishe maji ya mchuzi ili awaangalie jirani zake, na wasia huo haukufungamana na kuni. Huku ugenini jirani anatujua kwa harufu ya vitunguu na king'ora cha moshi.

Na saa tulizookoa zimekwenda wapi? Tumeongeza vyakula. Nyumba iliyofuturu kwa uji, muhogo na samaki sasa yataka aina nane, na dada yule yule angali amesimama jikoni muadhini akiadhini. Bibi Aisha (r.a.) alisimulia kuwa hilali tatu zilionekana katika miezi miwili, na moto haukuwashwa katika nyumba za Mtume, walikula tende na maji. Alisimulia pia kuwa Mtume akiwa nyumbani huwa katika kazi za ahli zake. Sisi wanaume riwaya ya kwanza twaisimulia kwa sauti. Ya pili twaipita haraka.

Basi futari ya Jumamosi hapa ukumbini itapikwa na wanaume. Asiyejua kufungua sufuria la presha amuulize mwanawe mapema, asingoje magharibi. Na kila nyumba ipeleke sahani moja mlango wa pili, awe Muislamu au asiwe.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.