PICHA ZA WAPIGAJI WAKATI WA MAZOEZI
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Turwa)

Bwana Mwenyekiti, na ninyi ndugu wanachama,

Halmashauri imetutaka tuseme machache juu ya kupiga picha za wapigaji wa ala zetu wakati wa mazoezi. Huenda mtu atauliza, Kwa nini mazoezi, wala si sikukuu? Twajibu: siku ya sikukuu kila mtu amejipamba, naye aitazama kamera. Katika mazoezi huonekana kazi yenyewe: huyu anakaza uzi, mzee anamwongoza kijana mkono, kijana anarudia sauti ile ile mpaka ikae sawa. Hayo hayaonekani mbele ya mgeni wa heshima.

Tuitazame iritungu ya Wakuria. Ina nyuzi nane, na tumbo kubwa lililowambwa ngozi, na sauti nzito. Picha ya uso wa mpigaji peke yake haimfundishi mtu neno. Yafaa kusimama ubavuni, ionekane mikono yote miwili na nyuzi zote. Na kwa jirani zetu Wajaluo, apigaye nyatiti huvaa pete ya chuma katika kidole gumba cha mguu, akaigonga katika ala. Mwenye kukata miguu katika picha amekata nusu ya muziki.

Mazoezi mengi huwa jioni, watu wakiisha kutoka kazini na shambani, na mwanga ni haba. Mpiga picha awe na dirisha au mlango ubavuni mwake, mwanga uwaangukie wapigaji. Aegemeze mkono ukutani usitetemeke. Taa ya kamera isiwashwe, maana huwashtua. Wala asiwaambie warudie wimbo kwa ajili yake.

Tena yampasa kuomba ruhusa kwanza, kwa mkubwa wa kundi na kwa wote. Watu hawa hawalipwi. Wamekuja kwa mapenzi yao, na mazoezini hukosea. Asiyetaka kuonekana akikosea, aheshimiwe.

Sasa twafika kwenye neno kubwa. Mwaka 1936 mwanachuo Mwingereza, E. E. Evans-Pritchard, alipiga picha nyingi kwa Wajaluo wa Nyanza. Picha zikahifadhiwa katika makumbusho ya Pitt Rivers, Oxford. Maonyesho ya kuzirudisha machoni pa watu wa Nyanza yalifanywa mwaka 2007, yaani baada ya miaka 71. Mtoto wa siku zile alikuwa amekwisha kuwa mzee.

Tusimcheke mtu. Sisi watumishi huhamishwa. Mtu hukaa Tarime miaka mitatu, hupiga picha, mara barua yaja, naye aenda Lindi au Kigoma na picha zote zimo katika simu yake ya mkononi. Simu ikivunjika, zimekwisha. Kwa mpigaji aliyebaki hapa, Lindi na Oxford zina tofauti gani?

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu. Kila picha iandikwe jina la mpigaji, akiridhia, na la ala, mahali na tarehe. Nakala moja ichapwe katika karatasi, akabidhiwe mwenyewe kabla mwezi haujaisha. Na mwanachama apataye uhamisho amwachie mkubwa wa kundi nakala zote, kama aachavyo funguo za ofisi.

Wazee walinena, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji hataponea picha asiyoiona.

Tumekwisha, Bwana Mwenyekiti.